Mfungueni Koo

Karanga zikianza kukaangwa hutoa kwanza harufu ya udongo, kama shamba lililopata mvua ya kwanza. Halafu maganda yanaungua kidogo, mafuta yanatoka, na hapo kila mtu anayesubiri lori lake livuke mpaka hugeuza shingo. Mama mmoja hukaanga zake mbele ya duka langu la vitenge hapa Tunduma, kuanzia saa nne asubuhi. Wateja wangu, Wazambia kwa Watanzania, humeza mate. Mimi vidole vinajikunja vyenyewe ndani ya mfuko wa gauni. Nimeshapita miaka thelathini, nina mtoto na akili zangu timamu, lakini harufu ile ikinifikia tu narudi kuwa na miaka kumi, nimesimama nyuma ya jiko la bibi yangu kule Isansa, natafuta namna ya kumwangamiza mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Shangazi Rahabu, dada mkubwa wa baba yangu. Nitawaeleza alichofanya yeye, kisha nilichofanya mimi. Naomba msiwe wepesi kuchagua upande.

Mdogo wangu Tabitha, ambaye sote tulimwita Tabi, alizaliwa na aleji ya karanga. Tulijua siku jirani alipompa kipande cha kashata, hajafikisha hata miaka miwili. Midomo ilivimba, macho yakafumba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari wa Mbeya aliyemtibu alimkalisha Mama chini akamweleza taratibu: mtoto huyu asile karanga, hata punje moja, wala chakula kilichokorogwa kwa mwiko uliotoka kwenye sufuria la karanga. Mama aliporudi aligawa kinu chake, akasugua vyombo vyote kwa majivu, na nyumbani kwetu karanga hazikuingia tena.

Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Ndola, siku nyingi hayupo, kwa hiyo kumlea Tabi ilikuwa kazi ya Mama na mimi. Mimi nilipewa idara ya kunusa. Nilinusa viganja vya watoto kabla hawajacheza naye, nilinusa vinywa vyao, nilinusa maandazi ya majirani nikayarudisha na shukrani nyingi. Shule ya Jumapili walinibandika jina la Mbwa wa Polisi, na mimi badala ya kuona aibu nilijivuna. Ikafika mahali mtoto aliyetoka kutafuna karanga ananyoosha mikono mwenyewe nimkague.

Shida ilikuwa likizo. Tulikwenda Isansa kwa wazazi wa Baba, kwenye kahawa na mahindi, na kule mboga za majani zisizoungwa kwa karanga si mboga, ni adhabu. Majani ya maboga, majani ya kunde, hata uyoga, vyote viliungwa. Kinu cha Shangazi Rahabu kililia kila siku kabla ya jua kufika utosini, na vumbi lake lilitua mpaka kwenye mifuniko ya ndoo za maji. Shangazi alikuwa ameachika, hana mtoto, amerudi kwao, na jiko lile lilikuwa lake peke yake. Mboga zake zilisifiwa kanisa zima. Sikukuu ya mavuno watu walikuwa wanaulizana kwanza kama sufuria la Rahabu limeshafika, ndipo wanaulizia mahubiri.

Mama aliwaeleza habari za aleji kwa muda wa miaka miwili. Bibi aliuliza, "Huyo Areji ni nani hasa, anayemkataza mtoto wetu chakula?" Babu alidhani ndiye daktari mwenyewe, na alitaka kufunga safari hadi Mbeya wakazungumze wanaume kwa wanaume. Wengine walisema ni maringo ya mjini. Mama ni mtu wa Singida, mtu wa kuja, na kila alipoondoa sahani mbele ya Tabi ilionekana anawadharau wakwe. Mpaka siku moja, amechoka, amekaa kwenye kigoda na mikono yake magotini, akasema, "Basi ni mwiko. Kwetu mtoto wa pili akiwa wa kike hali karanga. Ni mwiko wa ukoo."

Ulikuwa uongo mtupu. Singida kwao karanga wanazilima, wanazila, na mama yangu mwenyewe ni mtoto wa pili wa kike. Lakini mambo yalibadilika siku ileile. Mwiko walikuwa wanaujua. Bibi alianza kuwafukuza watoto wenye karanga mpaka nje ya ua, na wageni walionywa kabla hawajakaa. Shangazi aliitikia tu kwa kichwa akaendelea kukoroga. Mama aliniminya mkono akaninong'oneza, "Ningejua, ningesema hivyo tangu mwanzo."

Basi ikafika Juni moja, kahawa imeiva, Tabi ana miaka mitano. Mama alikwenda Vwawa kununua mahitaji. Alipokuwa anavaa viatu aliniambia, "Usimwache mdogo wako." Nikasema sawa, Mama. Nikakaa naye mpaka uvumilivu uliponiishia, halafu nikaingia shambani kufyonza kahawa mbivu. Kama hamjawahi, ile nyama yake nyekundu ina utamu mdogo sana, unaisha kabla hujauelewa, kwa hiyo mtu unachuma nyingine na nyingine. Nilikaa huko kuliko nilivyokusudia.

Niliporudi nilipitia nyuma ya jiko. Ukuta ule ulikuwa wa tofali mbichi, na tofali moja lilikuwa limemomonyoka likaacha tundu la kutosha jicho. Nikachungulia. Shangazi alikuwa amemsimamisha Tabi kizingitini, anatazama ndani. Mkononi ameshika ule mwiko mkubwa, ncha yake ina majani ya maboga na uji mzito wa karanga. Akamgusisha ulimini, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akasema kwa Kiswahili, ili yule mtoto wa mjini aelewe, "Babu zetu, huyu ni mtoto wenu. Mfungueni koo. Mfungueni koo, ale na wenzake." Tabi alilamba midomo akacheka.

Nilisikia vizuri. Nawaomba mkumbuke hilo: nilisikia kila neno.

Nilipiga kelele. Shangazi aligeuka, macho yetu yakakutana pale kwenye tundu. Nilipozunguka na kufika mlangoni, Tabi alikuwa ameshaanza kujikuna shingo. Halafu midomo. Halafu ile filimbi ya kifuani, ambayo mimi niliijua na Shangazi hakuijua. "Ni karanga!" nikamwambia. "Umemuua!" Alimfunga mgongoni kwa kanga akatoka mbio, peku, mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushee, akiteremka ile njia ya zahanati katikati ya mibuni. Kilemba kilidondoka, hakukiokota. Mimi nilikuwa nyuma nasikia pumzi za mdogo wangu zikipungua. Muuguzi alimchoma sindano kabla hata hajauliza jina. Shangazi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na hakuinuka mpaka Tabi alipolia kwa sauti.

Mama alitukuta palepale. Alimwangalia Tabi kitandani, akaniangalia mimi, akanizaba kofi ambalo sikuwahi kupigwa na sijapigwa tena. "Nilikuacha na nani? Nilikuacha na nani?" Nilifungua mdomo nimwambie. Akasema nyamaza. Shangazi Rahabu alikuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwetu, miguu yake imejaa vumbi. Nilimtazama, nikamngoja aseme. Alikuwa mtu mzima na alijua. Alitazama sakafu.

Hapo ndipo nilipoamua. Mtu akikuumiza unaweza kulia yakaisha. Lakini mtu akikaa kimya ukapigwa kwa kosa lake, kilio hakitoshi. Ningeweza kumweleza Mama jioni ileile, alipokuwa ananikanda shavu kwa maji ya moto na kuniomba radhi. Sikumweleza. Nilitaka kitu kikubwa kuliko Mama kumfokea wifi yake. Nilikitunza kile nilichokiona siku nne nzima, nikikigeuzageuza, na kadiri nilivyokigeuza ndivyo nilivyoona kwamba jinsi kilivyo hakitoshi. Kilihitaji kuongezewa kidogo. Kwa kweli kilihitaji kupunguzwa, tena herufi moja tu.

Mama Zawadi, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa hawezi kutunza siri hata ya uji wake mwenyewe kuungua. Nilimchagua kwa makini. Nilimngoja bombani Ijumaa asubuhi, nikamsaidia kujitwisha ndoo, nikajifanya nataka kulia. Aliponiuliza nina nini nilisema siwezi kusema. Akatua ndoo chini. Nikamweleza yote kama nilivyoyaona: kizingiti, mwiko, mara tatu, kuwaita mababu. Ila nilipofika kwenye maneno, nilisema, "Akasema mfungeni koo."

"Mfungeni?"

"Mfungeni koo. Mara mbili. Na likafunga kweli, Mama Zawadi, muulize muuguzi."

Nikamwomba asimwambie mtu. Mwanamke yule alisahau ndoo yake bombani. Habari za zile mbio na kilemba kilichodondoka sikumwambia. Wala za magoti kwenye saruji.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Sufuria la Shangazi lilifika kama kawaida, limefunikwa majani ya mgomba, nalo lilipewa nafasi ya katikati ya meza. Mimi nilikaa mahali pa kuona vizuri. Watu walipita na sahani zao wakachota kulia, wakachota kushoto. Wanawake waliozoea kugombea ule ukoko wa chini walilizunguka sufuria kama shimo. Shangazi alisimama na upawa wake, anatabasamu, anawakaribisha kwa majina. Halafu tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Mboga ilipoa, ikaota utando juu. Mimi nilikula wali wangu mpaka punje ya mwisho, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kuwamwagia nguruwe, akakwangua sufuria taratibu kana kwamba kuna mtu amelala. Nilisimama nikamwangalia, na moyoni nilisema: bado.

Haikuhitaji niongeze. Baba aliposikia hakukanyaga tena jikoni kwa dada yake. Mama alifunga mizigo, na likizo zetu za Isansa zikaisha. Lile jiko Bibi alimkabidhi mke wa baba mdogo, na Shangazi akajengewa kibanda mwisho wa shamba. Tuliletewa habari Tunduma kwamba siku hizi Rahabu hapiki popote, si msibani, si harusini. Nilikuwa nazipokea habari hizo kama mtu anayepokea barua nzuri.

Mwaka juzi binamu yetu alioa, nasi tukaenda wote. Tabi sasa ni mwalimu, anatembea na sindano yake ya dharura kwenye mkoba, na bado anauliza kila sahani ina nini. Tulimkuta Shangazi uwanjani anapanga viti. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, wasichana wadogo wako kwenye moto na yeye amepewa viti na ufagio. Nilimsalimia, akaitikia, "Marahaba, Mama." Ameniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Nilipita haraka.

Muda wa chakula Tabi hakuonekana. Sherehe nzima ilikuwa imeungwa karanga, kuanzia mboga mpaka pilau la kuku ambalo mpishi mmoja alikuwa amelifanyia ubunifu. Nilimtafuta kila mahali, mwisho nikasikia sauti yake kwenye kile kibanda. Nilisimama ukutani, nikamwona mdogo wangu amekaa mkekani, bakuli la maharage mbele yake, anakula.

"Shangazi," Tabi alikuwa anauliza, "siku ile ulinilisha kwa nini?"

"Mama yenu alisema ni mwiko."

"Alisema aleji."

"Alisema Areji, ndiyo, miaka miwili. Mie Areji sikumjua. Halafu akasema mwiko. Sasa mwiko wa mtoto utaondolewa na nani kama si shangazi yake? Nilingoja aniombe, hakuomba. Nikasema ni mgeni, hajui taratibu zetu, nitamwondolea mwenyewe. Nilikuwa nakuonea huruma, mwanangu. Kila siku wenzako wanakula wewe unatazama. Tangu siku ile karanga sijalima, sijanunua. Humu ndani hazijaingia. Nilisema labda siku moja atakuja, akute pa kula."

Halafu, bila kugeuka, akasema, "Na wewe, Mama, ingia ukae. Mbona unapenda kuta?"

Niliingia. Sikukaa. "Ulijua ni mimi niliyesema?"

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Kwa nini hukujitetea? Ungewaambia kwamba nimesema uongo."

"Nisimame kanisani nimwite mama yangu mwongo?" Akacheka kidogo. "Tena kofi ulilopigwa lilikuwa langu. Niliona. Niliogopa, nikakaa kimya. Basi na baadaye nikakaa kimya."

Sijui mlitegemea nijisikie vipi. Nilikasirika. Nilikasirika upya, moto kabisa, kuliko siku ya zahanati. Miaka karibu ishirini nimekuwa najua kwamba nimemshinda, kumbe alikuwa ameniachia. Nilitaka anichukie. Nilitaka anitukane mbele ya Tabi, ili tuwe sawa. Yeye alichukua bakuli la pili, akalifuta kwa pembe ya kanga, akanipakulia maharage.

Nataka niseme hili wazi: sijamsamehe kwa kile alichofanya na ule mwiko. Nia yake njema haikumpunguzia Tabi uvimbe hata kidogo, na ingekuwa zahanati iko mbali kidogo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mama naye nina neno naye, na ule uongo wake mwepesi. Lakini kosa la Shangazi lilikuwa linatosha lilivyo. Nilichukua mtu aliyekosea nikamfanya muuaji, kwa herufi moja, nikiwa najua. Nilipokuwa mtoto niliona tofauti ile ni ndogo.

Nilishika bakuli langu nikatoka nalo mpaka kwenye moto, mahali Mama Zawadi, sasa mzee na mkuu wa wapishi wote, alipokuwa anagawa nyama. Nikasimama mbele yake, nikala yale maharage kwa mkono, tonge baada ya tonge, mpaka wote wakageuka kunitazama.

"Mama Zawadi," nikasema kwa sauti, "siku ile bombani nilikudanganya. Hakusema mfungeni. Alisema mfungueni. Alimbeba Tabi mgongoni, peku, mpaka zahanati. Nilikuwa na hasira nikasema uongo."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia bakuli, akaangalia mdomo wangu. "Umekula kwake?"

"Nimekula. Na Tabi amekula."

Akaweka upawa chini. Alinihurumia kweli, hilo niliona, machozi yalimlengalenga. Akawageukia wenzake. "Mnaona? Ameshalishwa huyu. Maskini, tena wote wawili."

Nilirudia. Nilieleza toka mwanzo, nikaapa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa, na mmoja aliwavuta watoto wake upande wa pili wa moto.

Kesho yake asubuhi niliamka mapema nikachemsha chai ya wageni, yenye maziwa na tangawizi. Nikapanga vikombe kumi na viwili kwenye sinia, nikapita navyo uwanjani, kiti hadi kiti. Walinishukuru wote, kwa adabu kabisa, na wakasema wameshakunywa.